Dawa ya Mkojo na Choo cha Shilingi Kumi

Mamangu na dadake mkubwa waligunduliwa kuwa na presha mwaka mmoja, 2011. Mama alikuwa akiishi Gatwekera, Kibera; Mama mkubwa alikuwa Gatina, Kawangware. Walitoka tumbo moja, wakalelewa kwa sufuria moja huko Magharibi, wakaja Nairobi kufuata waume na kubaki hata waume walipoondoka. Mimi ndiye niliyekuwa daraja lao. Nilitoka Kibera nikafuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikashika Naivasha Road mpaka Kawangware, nikiwa nimebeba omena, salamu, na baadaye vidonge.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Yaliyowapata hayakufanana, na nimekuwa nikijiuliza tofauti ilitoka wapi, kwa sababu mwenye akili nyingi kati yao, na aliyesoma zaidi, ni Mama mkubwa.

Nadhani ilianzia kwenye kiti. Mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kwenye kliniki ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, waliokuwa wakihudumu Kibera tangu miaka ya tisini. Nesi alikuwa akimpima presha kila mtu mzima, hata aliyekuja kusindikiza tu. Mama alinyoosha mkono akiwa amesimama, maana alikuwa ameacha kibanda chake cha mboga kwa jirani. Nesi akakataa.

"Mama, keti kwanza. Egemea. Weka miguu chini, usiipandanishe. Tutaongea nikimaliza."

Akamwacha hapo dakika tano nzima. Akamwuliza kama amebanwa na mkojo. Akamvua sweta, akalaza mkono juu ya meza usawa wa moyo, ndipo akafunga mkanda. Ikasoma 178 kwa 104. Akapima tena baada ya muda, ikashuka kidogo tu. Hakumpa dawa siku hiyo kwa sababu Mama hakuwa na maumivu ya kifua, wala kuona ukungu, wala kushindwa kupumua. Alimpa tarehe. Mama aliporudi na presha ikawa bado juu, ndipo alipofunguliwa kadi.

Wakati ule niliona nesi anapoteza muda. Sasa najua kwamba kila alichokifanya kilikuwa na sababu. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kuongea huipandisha. Mkono unaoning'inia, mkanda mdogo kwenye mkono mnene, mgongo usioegemea, kahawa au sigara ya nusu saa iliyopita, vyote huongeza namba. Ndiyo maana mtu hapaswi kuitwa mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja cha haraka, labda iwe juu sana, 180 kwa 110 na kuendelea, au iwe na dalili za hatari. Kwa wengine wote, ni 140 kwa 90 au zaidi, katika siku tofauti, ukiwa umetulia.

Mama mkubwa yeye alipimwa kwenye kemisti. Alikuwa ametoka Lavington kufua, amepanda na kushuka kwa mguu, amesimama kwenye kaunta anazungumza kuhusu karo ya mwanawe, na mkanda umefungwa juu ya sweta. 162 kwa 98. Muuzaji akamwambia ana presha, akamkatia vidonge vya mwezi mmoja kutoka kwenye kopo, akamfungia kwenye karatasi. Hakukuwa na kadi, hakukuwa na tarehe. Jina la dawa hakulijua. Aliijua kwa rangi.

Alivimeza vyote. Mama mkubwa hakuwa mzembe hata siku moja. Vilipokwisha akapita kwenye kemisti nyingine, akapimwa: 134 kwa 84. "Uko sawa kabisa, Mama," akaambiwa. Naye akarudi Gatina kwa furaha, akatutumia habari kwamba presha imeisha. Hakuna aliyemwambia kwamba namba ile nzuri ilikuwa kazi ya vidonge, na kwamba vikiisha, presha hurudi ilikokuwa. Kwa hesabu yake, ugonjwa uliotibiwa umepona, kama malaria. Tena ulikuwa na maelezo yaliyomridhisha: presha ni mawazo, na karo ilikuwa imelipwa.

Wazo hilo lina nguvu mitaani kuliko bango lolote la afya. Watu hupima presha zao kwa shida zao. Kodi ikichelewa, kichwa kikigonga, "presha imepanda," na mtu huomba kidonge kimoja kwa jirani. Wengine wakihisi kizunguzungu husema imeshuka na kunywa soda yenye chumvi, bila mashine yoyote kuthibitisha. Mawazo huipandisha presha kwa muda, hilo ni kweli. Lakini presha ya kudumu huwa haiumi. Inafanya kazi yake kimya kwenye mishipa, figo, moyo na macho, miaka na miaka, huku mwenyewe akifua, akipika na akicheka harusini.

Hapa niseme jambo linalonikera. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, alionyesha mwaka 1905 namna ya kusikiliza mshipa chini yake na kupata namba mbili, ya juu na ya chini. Hiki si chombo kigeni wala cha ajabu. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja, ilhali karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo.

Turudi kwa Mama. Alikuwa na kadi, tarehe na dawa za bure, na bado alikuwa akiziruka. Niligundua kwa kuhesabu vidonge kwenye kopo la Blue Band alimovihifadhi: vilikuwa vingi mno. Nilimfokea kama watoto wa mjini wanavyowafokea wazazi wao. Nilimweleza habari za kiharusi. Akanisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Wewe unafanya kazi ofisini kwenye choo."

Dawa aliyoanzishiwa ilikuwa hydrochlorothiazide, ile ambayo wagonjwa wenyewe huiita dawa ya mkojo. Hufanya figo zitoe chumvi na maji, na damu hupungua msukumo. Humezwa asubuhi ili usiku ulale. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye choo ndani ya nyumba. Mama alikuwa akitoka Gatwekera kabla ya jua kuchomoza, anapanda matatu hadi Marikiti kununua sukuma na nyanya, anarudi na gunia. Akimeza kidonge alfajiri, mkojo humshika kwenye matatu, humshika sokoni, humshika tena njiani. Choo cha kulipia kilikuwa shilingi tano, kwingine kumi. Piga hesabu ya mara tatu kabla hata ya fungu la kwanza la sukuma kuuzwa. Na kuhamishia kidonge jioni hakukuwezekana: usiku Gatwekera mwanamke hatoki nje kwenda choo cha mbali peke yake. Hiyo ndiyo sababu iliyozaa ile mifuko ya plastiki ya kujisaidia iliyoifanya Kibera ichekwe na dunia nzima. Kwa hiyo siku za Marikiti alikuwa hamezi. Na siku za Marikiti zilikuwa nyingi.

Hakuwahi kumwambia daktari. Utamwambiaje kijana wa umri wa mwanao kwamba unashindwa na dawa kwa ajili ya haja ndogo?

Suluhisho halikutoka kwa daktari wala kwangu. Mwaka 2013 MSF walianzisha Kibera vikundi vya dawa. Watu kati ya 25 na 35, wote wakiwa hali zao zimetulia, walikutana kila baada ya miezi mitatu, wakapimwa, wakazungumza kidogo, wakachukua dawa zao na kwenda. Katika mwaka wa kwanza vikafika vikundi 47, vyenye watu zaidi ya 1,400. Jambo lililonishangaza ni kwamba walichanganywa: wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na wenye presha, kikundi kimoja. Wengi wao walikuwa ni wa virusi. Mama mwanzoni aliona haya. Watu wangedhani nini?

Lakini ni hao hao waliomfundisha. Mtu anayemeza dawa za virusi ameshajua jambo ambalo wa presha bado anabishana nalo, kwamba dawa humezwa siku ya afya. Alishapita hatua ya kungoja aumwe. Ana saa yake, ana mtu wa kumkumbusha, ana akiba ya vidonge kwenye mkoba iwapo ghasia zitafunga njia, kama zilivyofunga baada ya uchaguzi wa 2007. Wenye presha hawakuwa na shule hiyo. Walikuwa hata wanawaonea wivu: "Wao dawa zao haziishi."

Presha ya Mama ilipotulia kwa muda akaingizwa kikundini, na humo mwanamke mwenzake akataja hadharani habari ya choo, wote wakacheka, kisha kila mmoja akatoa mbinu yake. Aliyekuwa akiuza nguo soko la Toi alikuwa ameelewana na mwangalizi wa choo kimoja: anampa mboga kila wiki, naye anamwacha aingie bila kulipa. Mwingine alikuwa akimeza kidonge saa nne, akisharudi kibandani. Nesi aliyekuwapo akasema saa nne ni sawa kabisa, mradi iwe saa nne kila siku, na kwamba zipo dawa nyingine zisizoleta mkojo, mtu aombe kubadilishiwa badala ya kuacha kimyakimya. Tangu siku hiyo Mama alimeza saa nne. Presha yake ikakaa chini ya 140 na ikabaki huko.

Kikundini nilisikia pia habari ya kikohozi. Kuna dawa za presha, enalapril ikiwa mojawapo, zinazowaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Kwenye mtaa ambako vyumba vimebanana na kifua kikuu kinajulikana, kikohozi cha wiki tatu ni kesi. Majirani huanza kutenga vikombe. Bwana mmoja alikwenda kupimwa makohozi, akaambiwa hana kitu, akaendelea kukohoa na kuendelea kutengwa, mpaka alipotaja dawa yake na kubadilishiwa. Amlodipine nayo huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na mtu akiona miguu imevimba hufikiri figo zimekufa. Haya yote hutatulika kwa mazungumzo ya dakika mbili. Dakika hizo mbili ndizo adimu kwenye foleni.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mama aliacha kuongeza chumvi mezani, akajisifu. Lakini mrenda na kunde alizipika kwa magadi, kama nyumbani. Magadi yale, yanayochotwa ziwani Magadi, yamejaa sodiamu, ile ile iliyomo ndani ya chumvi. Kuna pia kiungo cha mchuzi cha pakiti, smokie ya kando ya barabara iliyopasuliwa na kunyunyiziwa chumvi, mutura wa jioni. Sikubaliani na wanaowaambia watu wa Kibera "kuleni vizuri" kisha wakaondoka. Mama mboga anajua kula vizuri, anauza mboga. Ushauri uliofaa ulikuwa mdogo na wa jikoni: loweka omena, mwaga maji ya kwanza, chemsha mrenda bila magadi, tumia maziwa, ukiweka kiungo cha pakiti usiweke chumvi juu yake.

Mama mkubwa alianguka Julai 2016, kwenye lango la nyumba aliyokuwa akifua Lavington. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na baridi nayo husukuma presha juu. Mlinzi aliona mdomo umekwenda upande na beseni limemtoka mkono wa kulia. Akamwita jina, naye akajibu maneno yasiyoshikana. Wale waliokuwapo walifikiri ni kifafa, wakamlaza, wakampa maji. Saa zikapita kabla gari kupatikana. Kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa inayoweza kusaidia, lakini ni katika saa nne na nusu za kwanza tu, na baada ya picha ya kichwa. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea, mtu asiachwe akingoja wala asinyweshwe chochote. Apelekwe.

Hakufa. Mkono wa kulia haukurudi, na mwanamke wa kufua bila mkono wa kulia hana kazi. Alipoanza kuongea tena alilalamika kwamba presha yake ilikuwa imekwisha tangu zamani, iweje?

Nilisoma baadaye kwamba Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, siku aliyokufa kwa kiharusi, tarehe 12 Aprili 1945, presha yake ilipimwa ikawa 300 kwa 190. Madaktari wake walikuwa wakiiona ikipanda miaka mingi, na hawakuwa na kidonge cha maana cha kumpa. Dawa za jamii ile ile ya dawa ya mkojo ya Mama ziliingia sokoni mwaka 1958. Rais wa nchi yenye nguvu kuliko zote alikosa kilichokuwa kwenye kopo la Blue Band Gatwekera. Hilo linanifanya nisiweze kuikubali lugha ya "ugonjwa wa matajiri" wala ile ya "mapenzi ya Mungu" juu ya Mama mkubwa. Dawa ilikuwapo, tena ya bei ndogo, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Alipopata nafuu nilimsajili kwenye kituo cha afya cha serikali, akafunguliwa kadi kama ya mdogo wake. Choo cha ploti yao kilifungwa usiku na ufunguo kukaa kwa keateka, kwa hiyo swali la kwanza nililomwomba daktari alijibu lilikuwa hilo. Akampa amlodipine. Mama mkubwa alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke: "Kumbe mambo ya choo yanaongeleka?"

Mwaka 2017 MSF walimaliza kazi yao Kibera, wakakabidhi kituo cha Kibera South kwa Kaunti ya Nairobi. Mwaka uliofuata, Julai 2018, maelfu ya nyumba zikabomolewa kupisha barabara inayotoka Ngong Road kwenda Lang'ata. Wenzake Mama wa kikundi walitawanyika. Wengine walihamia Kawangware, wengine walirudi mashambani, na kadi za baadhi yao zikabaki chini ya mabati. Mama alikuwa ameniagiza nipige picha ya kadi yake kwa simu, kwa ushauri wa mwanamke yule wa Toi. Picha hiyo imetumika zaidi ya mara moja dawa ilipokosekana kituoni ikabidi kununua: kemisti huoneshwa jina la dawa na kipimo chake, na habahatishi kwa rangi.

Nami presha imenifikia, kama inavyopitia katika familia. Mwaka jana mhudumu wa afya ya jamii alipita kwenye ploti ninayokaa sasa Kawangware akiwa na mkoba wake. Wahudumu kama huyu walianza kugawiwa mikoba hiyo ya vifaa nchi nzima Septemba 2023, na mashine ya presha ni mojawapo. Nilimwambia asubiri niketi. 152 kwa 96. Nilikwenda kituoni siku nyingine, nikapimwa tena, nikaanzishiwa dawa. Namba yangu sasa ni 128 kwa 82, na kila asubuhi kuna sauti inayoniuliza namezea nini ilhali siumwi. Naielewa sauti hiyo. Ndiyo iliyomshauri Mama mkubwa.

Tangu Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya wa NHIF umekwisha na SHA imechukua nafasi yake, na huduma za zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wa serikali ili aliyejisajili asilipe. Msajili mzazi wako hata kama si mgonjwa. Kama ana presha tayari, acha kumwuliza kila siku kama amemeza dawa, kwa maana atakujibu amemeza. Mwulize humeza saa ngapi, hujisaidia wapi saa hiyo, dawa ikimletea kikohozi au uvimbe humwambia nani, na picha ya kadi yake iko kwenye simu ya nani. Kisha nenda naye kliniki umsemee asichoweza kumwambia daktari. Na wewe ambaye hujapimwa mwaka huu, mhudumu wa afya akibisha kwenye ploti, vuta kiti uketi dakika tano kabla hajafunga mkanda. Hapaswi kukutoza hata shilingi.